Je, mtambo mkubwa wa kuchapua chembe ujengwe Dodoma?

Swali hili lilianzia katika chumba chetu cha walimu hapa Dodoma, likatugawa, na sasa naliweka wazi kwa kila mwenye hoja. Afrika ndilo bara pekee lenye wakazi wa kudumu ambalo halina mtambo wa mwanga wa sinkrotroni, yaani pete ambamo elektroni huzungushwa kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei kali zenye uwezo wa kuonyesha mpangilio wa atomi ndani ya dawa, udongo, madini au mfupa. Tangu mkutano uliofanyika Grenoble, Ufaransa, mwaka 2015, wanasayansi wa Kiafrika wamekuwa wakilitetea wazo la bara letu kuwa na mtambo wake. Mwenzetu anayefundisha jiografia alisema Dodoma ndipo mahali pake: ni katikati ya nchi, ardhi ipo, chuo kikuu kipo, gridi ya umeme inapita Zuzu, na treni ya umeme imetufikia tangu mwaka 2024. Mwenzetu wa kemia akamjibu kwamba mji unaopata maji kwa mgawo hauna sababu ya kuota jambo hilo. Kwa maoni yangu, wote wawili wamelijadili jengo na kuuacha mwale, yaani mkondo wa chembe, ambao jengo hilo lingewekewa.

Kuzichapua chembe, yaani kuzipa nishati ili ziende kasi, ni sehemu moja tu ya kazi. Elektroni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo hufukuzana, na fungu lake likiachwa bila kuongozwa hutawanyika na kugonga ukuta wa bomba kabla halijafika popote. Sumaku ya ncha nne hulibana fungu hilo upande mmoja na wakati huohuo hulitanua upande mwingine, jambo ambalo kwa muda mrefu lilionekana kuwa kikwazo, hadi mwaka 1952 Courant, Livingston na Snyder wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walipoonyesha kwamba sumaku hizo zikipangwa kwa kupishana, hii ikibana pale ile inapotanua, jumla yake ni mwale uliobanwa pande zote. Mitambo mikubwa ya leo imesimama juu ya mpangilio huo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Simon van der Meer, mhandisi wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliyetafuta njia ya kutuliza chembe zilizokuwa zikiyumba huku na huku ndani ya pete. Alipima kuyumba kwao upande mmoja, kisha akapeleka ishara kwa njia ya mkato hadi upande wa pili, ili ifike pamoja na chembe zilezile na kuzisukuma kidogo zirudi mahali pake. Ishara haiwezi kuishinda nuru kwa mwendo, lakini inaweza kukata kona pale ambapo chembe hulazimika kuzunguka. Kwa kazi hiyo alishirikiana na Carlo Rubbia kupokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1984. Nawaomba wanaosema kwamba fizikia hii ni ya matajiri walitafakari jambo hilo: mchango wake mkuu ulikuwa akili ya kupima na kurekebisha, na akili ya namna hiyo naiona kila mwaka kwa wanafunzi wangu.

Kuuongoza mwale pia ni suala la usalama. Katika pete ya LHC, mtambo mkubwa wa CERN wa kugonganisha chembe, yenye mzingo wa kilomita 27 ndani ya handaki, kila mmoja wa miale miwili ulisanifiwa kubeba nishati ya megajuli 362 hivi. Hiyo ni sawa na treni ya tani 360 au zaidi kidogo ikikimbia kilomita 160 kwa saa, mwendo wa juu wa treni yetu ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Kasoro ikionekana, mwale wote hutolewa nje ya pete na kumalizwa ndani ya bonge kubwa la kaboni, kwa muda usiofika theluthi moja ya elfu ya sekunde. Mwezi Septemba 2008 kiungo kimoja tu cha umeme kati ya sumaku kilishindwa, tani kadhaa za gesi ya heliamu zikavuja, na mtambo ukakaa zaidi ya mwaka mmoja bila kufanya kazi.

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa jiografia. Pete iliyotangulia LHC katika handaki lilelile ilikuwa nyepesi kuhisi kiasi kwamba mvuto wa mwezi, unaoinua na kushusha ardhi, ulibadilisha mzingo wake kwa takribani milimita moja, na umeme uliovuja kutoka reli za treni za Ufaransa uligusa sumaku zake. Reli yetu hutumia mkondo geu, tofauti na ule uliotumika huko wakati huo, kwa hiyo athari haitafanana. Hata hivyo, ukaribu wa reli anaoutaja kama sifa ungepaswa kupimwa kwanza. Tetemeko la ardhi la hapa Dodoma la mwaka 2002 nalo wengi wetu tunalikumbuka.

Kwa mwenzangu wa kemia, jibu langu ni Yordani. Ni miongoni mwa nchi zenye uhaba mkubwa zaidi wa maji duniani, lakini mtambo wa sinkrotroni uitwao SESAME, wenye mzingo wa mita 133 na nishati ya gigaelektrovolti 2.5, ulizinduliwa huko mwaka 2017, na tangu 2019 umeme wake unatokana na jua. Ulianza na vipande vya mtambo wa zamani vilivyotolewa na Ujerumani. Uhaba wa maji, basi, haufungi mjadala. Lakini tangu wazo hilo litolewe hadi uzinduzi ilipita miaka 20, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo watu walikuwa wakifundishwa, kabla pete haijakamilika.

Ndiyo maana nasema pete isijengwe Dodoma sasa, na mafunzo yaanze sasa, tena yaanzie kwenye mashine za tiba ya mionzi. Ndani ya mashine hiyo elektroni huchapuliwa kwa mawimbi ya redio, hupindishwa kwa sumaku, kisha hugonga kipande cha tungsteni na kutoa eksirei zinazoelekezwa kwenye saratani. Ni fizikia ileile. Mwenzangu wa kemia anasema mashine za kobalti, metali inayotoa mionzi yenyewe, zinatosha kwa kuwa haziogopi umeme kukatika, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini kobalti-60 inayotumika humo hupungua nguvu hadi nusu kila baada ya miaka 5.3, na mashine ya elektroni huweza kulichora umbo la uvimbe kwa usahihi zaidi. Makosa ya mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 kati ya 1985 na 1987, ambapo hitilafu za programu ziliwapa wagonjwa mionzi kupita kiasi na baadhi yao wakafariki, yanaonyesha kwamba bila watu wanaouelewa mwale kwa kina, tiba yenyewe hugeuka kuwa hatari.

Mama yangu mdogo alisafiri hadi hospitali moja nje ya mkoa wetu kwa ajili ya tiba hiyo, akasubiri zaidi ya wiki mbili kwa sababu mashine ilikuwa imesimama na fundi wake alitoka ng'ambo. Alikaa kwenye benchi akiwa na faili mkononi, katika nchi inayotoa wahitimu wa fizikia na uhandisi kila mwaka.

Nashauri Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishe somo la kuongoza miale pamoja na elektroniki zake, na wahandisi vijana wachache wapelekwe kufanya kazi SESAME kwa miaka miwili miwili kisha warudi. Anayepinga anieleze: ikiwa tutasubiri hadi maji yatoshe na ndipo tuanze kufundisha, ni nani atakayeihudumia mashine ya hospitali katika miaka yote hiyo?