Uswahilini ilianza lini kumaanisha uchafu?

Mpangaji_Tu: Wakuu habari zenu. Jana shemeji kaja kunisalimia kakuta maji ya chemba yamefika mlangoni, mainzi, taka hazijazolewa, akasema "aisee hapa ni uswazi kabisa". Sasa najiuliza, Mswahili si ni mimi, imekuwaje jina la kwetu ndo liwe la uchafu? Wajuzi karibuni.

Babu_Jamvi: Hilo neno halina uchafu wowote mkuu. Uswahilini ni kwa Waswahili basi, kama Uzunguni na Uhindini, na Dodoma Uzunguni ipo mpaka leo, Mbeya Uhindini ipo. Mkoloni ndo aligawa. Mjerumani na sheria yake ya ujenzi ya 1891 pale Dar alitaja aina ya nyumba tu, huku za Kizungu, kule vibanda vya udongo na makuti, ila matokeo yake kila mtu alijua anakaa wapi. Mwingereza akaja kukazia kwa zoni tatu, katikati akaacha uwanja mtupu, ndo Mnazi Mmoja hiyo, ng'ambo yake Kariakoo. Mitaro na lami vikajazana upande mmoja, sasa ulitaka maji machafu yaende wapi?

dadaTemeke: Sawa babu ila tusimsingizie mkoloni kila kitu. Huku kwetu mvua ikianza tu mtu anatapisha choo, mzigo wote unapita uani kwa wenzie, nayo hiyo kaleta Mwingereza? Kipindupindu cha 2015 kimetupiga na bado watu wanatapisha tu 😡

Babu_Jamvi: Sijawatetea mama. Ila gari la kunyonya choo litapita wapi hapo kwenu, kichochoro hata bajaji haiingii? Viwanja havijapimwa, nyumba imebana nyumba. Ukali wako nusu upeleke kwa waliotakiwa kupima.

Kijiwe_Boy: Mbona Kariakoo siku hizi hakuna anayeiita uswazi, na ndo uswahilini wa kwanza? Ukiuza kiwanja kimoja pale unanunua nusu ya Tandale 😂 Jina limehama na wasio na mitaro, likaenda Manzese, Tandale, Vingunguti huko. Halafu hukohuko ndo singeli imezaliwa, na vijana uswazi wanaitaja kwa kujidai, sio kwa aibu. Shemeji mpigieni singeli akirudi.