Naombeni ushauri: sikukuu bila nyama, wageni 15, bajeti ndogo
Wapendwa, sikukuu hii nimealika watu 15 nyumbani na mimi nilishaacha nyama, samaki, mayai na maziwa, sasa nataka meza nzima iwe ya mimea tupu ila bajeti imebana kweli. Nimewaza maharage makavu na dengu maana kilo 1 ikishaiva inakuwa zaidi ya kilo 2, zile nyama za soya za pakiti nimeziacha, bei haishikiki. Shida yangu keki, bila mayai inashikana na nini? Halafu mgeni mmoja ana aleji ya karanga, mchuzi niutie nini uwe mzito? Na nikiomba kila mtu aje na sahani moja nisemeje wasijisikie vibaya? Natamani sana washibe, hasa wazee.