Naomba ushauri: wanafunzi wanachanganya walichoona na walichokisia

Hamjambo walimu wenzangu. Nafundisha sayansi Gredi ya 7 hapa Nakuru. Wiki jana niliwapeleka wanafunzi ziwani na madaftari yao. Karibu wote wakaandika: "Flamingo wamehama kwa sababu maji yameongezeka." Ni kweli ziwa limepanda tangu miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, na mwani ambao ndege hao hula ukapungua. Lakini hakuna aliyeona flamingo akihama! Walichoona ni ndege wachache, na migunga iliyokauka ikiwa imesimama ndani ya maji.

Nikachovya majini karatasi nyekundu ya litmasi, ile ya kupimia asidi na alkali, ikageuka buluu. Mmeona nini? "Maji ni ya alkali, mwalimu." La, mmeona rangi ikibadilika, alkali mmeipata kwa kufikiri. Msichana mmoja akauliza, "Sasa nikiandika alkali nitakosa?" Swali hilo limenikaa moyoni, kwani sitaki waogope kukisia. Sayansi haiendi bila hilo.

Nimejaribu safu mbili ubaoni, "Nimeona" na "Nadhani", lakini mtihani ukija wanarudi palepale. Nyinyi mnafanyaje? Na alama mnazigawaje?