Kipima kelele darasani: kinasaidia au tunajidanganya?

Ticha wa Darasa la Nne: Wadau, naomba mawazo. Vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, changu nakitumia kupima kelele. Programu inasikiliza kwa maikrofoni, kwenye skrini kuna mipira: wakiongea inaruka, wakinyamaza inatulia. Watoto wenyewe wanaambizana "shii, mipira!" Mwalimu mkuu anasema huo ni mchezo, nikiondoe. Mnaonaje?

Mzee wa Chaki: Una watoto wangapi? Sera inasema 45, kwetu wamepita mia. Hapo mipira itatulia saa ngapi? Sisi kelele anazimaliza kiranja na karatasi ya wapiga kelele. Haihitaji chaji.

Mama Pacha: Mzee, hiyo karatasi usiisifie. Mwanangu aliandikwa kwa sababu alikataa kumkatia kiranja andazi. Kila akijitetea anaongezewa alama ya vema mbele ya jina. Mwalimu aliporudi akachapa kwa kuhesabu vema, hakuuliza kitu.

Mzee wa Chaki: Mama, andazi la mwanao lisitufanye walimu wote tuonekane wakatili. Kiranja anajifunza uongozi. Nimelea viranja ambao leo ni watu wazito.

Mama Pacha: Uongozi wa kula kwa jasho la mwenzio? Ndio hao watu wazito wenyewe!

Fundi Mitambo: Turudi kwenye mada. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 1999, linataka kelele za darasani wakati wa kufundisha zisizidi desibeli 35. Kwa shule iliyo kando ya barabara hiyo ni ndoto hata kabla mtoto hajafungua mdomo. Tena maikrofoni ya kishikwambi haijui nani kapiga kelele. Mvua ikipiga bati, mipira inaruka na watoto wamekaa kimya kabisa.

Wa Kayole: Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku 2001, na orodha ya wapiga kelele ipo hadi leo. Kwa hiyo msidhani fimbo ikitoka kila kitu kimepona.

Mzee wa Chaki: Nani kataja fimbo? Mmeanza kutuletea mambo ya Nairobi.

Wa Kayole: Mzee, mama amesema mtoto alichapwa. Soma kwanza.

Ticha wa Darasa la Nne: Jamani, nimeuliza kipima kelele. Wakifanya kazi za vikundi nakizima, maana hapo kuongea ndiko kujifunza. Nakiwasha wakati wa kusoma kimya. Faida ninayoiona ni kwamba sipazi sauti na hakuna mtoto anayemchongea mwenzake.

Dada wa Tanga: Ticha, wangu waliigundua siku hiyo hiyo. Wakawa wanapiga kelele makusudi ili mipira iruke. Nikabadilisha picha, nikaweka taa nyekundu na kijani tu. Wakatulia.

Mzee wa Chaki: Taa, mipira... Mwalimu anayejiamini anaingia, darasa linanyamaza.

Dada wa Tanga: Linanyamaza kwa woga, mzee. Mtoto mwenye woga hanyooshi mkono hata akiwa na jibu.

Fundi Mitambo: Na kwa taarifa, kanuni za 2002 hapa Tanzania zinasema viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu.

Mama Pacha: Kumbe kuna kitabu? Asante, kaka. Jumatatu naenda shuleni kuomba kukiona.