Kulala katika hoteli ya kapsuli Tokyo ukiwa na begi kubwa

Mpita Njia:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Novemba nitakuwa Tokyo kwa siku mbili baada ya kumaliza mafunzo Nagoya, na kwa kuwa posho itakuwa imeniishia, ninafikiria kulala katika hoteli ya kapsuli, yaani ile ambayo mgeni hupewa kijisanduku cha kulala tu badala ya chumba. Nina urefu wa futi sita na inchi moja, nina begi kubwa la magurudumu, na sijazoea kuoga mbele za watu. Aliyewahi kulala humo anieleze kama hali hiyo inastahimilika.

Bin Pangani:
Waalaykum salaam, kaka. Urefu usikutie hofu. Kapsuli huwa na urefu wa mita 2 hivi, na upana na kimo cha mita 1 au zaidi kidogo, kwa hiyo utajinyoosha na hata kukaa kitako, ila kusimama hutaweza. Kinachosumbua ni kelele, kwa maana mdomo wa kapsuli hufungwa kwa pazia tu, wala hakuna kufuli. Mimi niliamshwa saa kumi na moja alfajiri na kengele ya simu ya jirani, ambaye mwenyewe aliendelea kukoroma. Nunua vizibo vya masikio.

Begi lako ndilo tatizo hasa. Makabati ya wageni ni membamba, kwani hoteli hizi zilikusudiwa wafanyakazi waliokosa treni ya mwisho usiku, watu wenye mkoba mmoja wa ofisini. Ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, ikiwa imesanifiwa na msanifu majengo Kisho Kurokawa, yule yule aliyesanifu jengo la Nakagin la mwaka 1972 hapo Tokyo, lililojengwa kwa vyumba vya kapsuli, ambalo lilibomolewa mwaka 2022.

Umm Rahma:
Kaka, kuhusu stara, usiseme tu kwamba hujazoea. Uliza kabla ya kulipa. Katika bafu la pamoja wanaume huoga upande wao na wanawake upande wao, lakini wote huwa uchi kabisa, na mtu hujisugua kwanza akiwa ameketi kwenye kigoda ndipo aingie katika maji ya moto. Hoteli nyingine zina vibanda vya kuogea vya mtu mmoja mmoja, basi chagua hizo. Kwa kina dada wanaosoma hapa, baadhi ya hoteli hupokea wanaume tu, na zinazopokea wote huwatenga kwa ghorofa, hata wakiwa mke na mume.

Aidha, hata ukilipia siku mbili, hoteli nyingi hukutaka utoke asubuhi ili pafanyiwe usafi, na ukirejea jioni huenda ukapewa kapsuli nyingine. Kwa sala, waombe mapokezi wakuonyeshe pembe tulivu, kwani ndani ya kapsuli hakuna kisimamo.

Bin Pangani:
Nimesahau jambo moja: Japani kuna huduma ya kusafirisha mizigo inayopokelewa hata kwenye maduka madogo yanayokesha. Begi unaweza kulituma kutoka Nagoya hadi uwanja wa ndege utakaoondokea, ilimradi ulitume siku mbili tatu kabla.

Mpita Njia:
Nawashukuru nyote. Begi litatangulia uwanja wa ndege, nami nitaingia Tokyo na mkoba wa mgongoni. Usiku wa kwanza nitalala katika kapsuli yenye vibanda vya kuogea, na wa pili nitauamua nikishaona jirani yangu anavyokoroma.