Mageuzi ya posta kwa sheria: kifungu cha nani analipa mnakificha wapi?

Wakuu, salamu. Nimekuja na hasira, tuvumiliane.

Kila posta ya taifa inapoanza kuzama kwenye hasara, waheshimiwa wanakuja na dawa ileile: muswada. Soma kurasa za mwanzo uone raha. Shirika litajiendesha kibiashara. Litamfikia kila mwananchi popote alipo. Litatoza bei nafuu. Halitaitegemea hazina. Mambo manne yanayopigana yenyewe kwa yenyewe, yamelazwa kitanda kimoja, na ukumbi mzima unapiga meza. Hakuna anayesimama kuuliza ile barua ya nyumba ya mwisho, ambayo gharama yake inaizidi stempu yake mbali sana, tofauti inatoka mfukoni mwa nani.

Hilo ndilo lalamiko langu. Mengine yote yanatokana na hapo.

Asiyejua kazi ya posta anadhani barua zikipungua na gharama zinapungua. Hebu mtazame msambazaji barua asubuhi. Amesimama mbele ya kabati la vishubaka, kila kishubaka anwani moja, anapanga bahasha kwa mfuatano wa milango atakayoipita. Zamani vishubaka vilijaa. Leo vingi vitupu, lakini kile cha mwisho kabisa kina bahasha moja ya mahakama, tena ya rejesta, inayotaka sahihi ya mwenyewe. Haina ujanja, lazima aende. Mafuta ni yaleyale, saa ni zilezile, mshahara ni uleule. Akifika mlango umefungwa, anaacha kile kikaratasi cha kumwambia mwenye barua aje na kitambulisho, anarudi nayo, inaandikishwa upya, inakaa kaunta ikisubiri. Stempu ya barua hiyo ililiwa kabla gari halijatoka getini. Na anwani mpya zinaongezeka kila mwaka huku barua zikipungua.

Zamani fumbo hili lilikuwa na jibu, na jibu liliwekwa na sheria hizohizo. Uingereza ilianza bei moja ya peni kwa barua mwaka 1840, kwa shinikizo la mwanamageuzi wa posta Rowland Hill; kabla ya hapo aliyekuwa akilipa mara nyingi ni mpokeaji, na bei ilipanda kwa umbali. Sheria ikasema: anayetuma akilipa mapema, bei ni moja karibu na mbali. Barua zikaruka kutoka milioni 76 hivi mwaka 1839 hadi karibu milioni 168 mwaka 1840. Mapato hayakurudi palepale, ila serikali ilijua inachofanya. Na kwa kuwa posta ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba barua, faida ya mjini ilibeba hasara ya shamba. Umeipenda hukuipenda, mlipaji alijulikana: ni mtu wa mjini.

Sasa tazameni wataalamu wa leo.

Marekani, Desemba 2006. Bunge linapitisha sheria ya mageuzi ya posta bila hata kuhesabu kura kwa majina, George W. Bush anaitia saini tarehe 20. Sheria ile ilisema bei ya barua isipande kuliko mfumuko wa bei. Sawa. Kisha ikaiamuru posta itenge takribani dola bilioni 5.5 kila mwaka, kwa miaka kumi, kwa ajili ya bima ya afya ya wastaafu wa baadaye. Wizara na idara nyingine hazikubebeshwa mzigo wa namna hiyo. Na siku sita za kusambaza barua zikabaki palepale. Mapato umeyafunga juu, gharama umezifunga chini, halafu unaita mageuzi! Na bahati mbaya ilivyo na adabu zake, mwaka huohuo wa 2006 ndio barua na vifurushi vya Marekani vilifika kilele, vipande bilioni 213. Tangu hapo ni mteremko. Kufikia 2012 posta ikashindwa kulipa yale mabilioni, ikaacha. Miaka yote hiyo wanasiasa walewale walikuwa wakisimama mbele ya kamera na kusema, mnaona, mashirika ya umma hayawezi biashara.

Jamani. Umemfunga mtu mikono, ukamsukuma mtoni, kisha unamcheka hajui kuogelea.

Ikabidi wasubiri hadi Aprili 2022 Joe Biden atie saini sheria nyingine ya kufuta ile amri. Deni la malimbikizo la takribani dola bilioni 57 likafutwa kwa kalamu. Hebu kaeni na hilo kidogo. Kama linafutika kwa kalamu, miaka ile yote lilikuwa deni la nini? Vituo vilipunguzwa saa za kazi, mashine za kupangia barua zikaondolewa, wafanyakazi wakaambiwa wao ndio mzigo, kwa ajili ya deni lililoandikwa na Bunge lenyewe.

Na sheria ya 2022 nayo, pamoja na mazuri yake, ikaandika rasmi kwamba barua zisambazwe siku sita kwa wiki, bila kusema senti moja ya kuzilipia inatoka wapi. Matokeo? Mwaka wa fedha wa 2024 hasara ilikuwa dola bilioni 9.5. Stempu ya kawaida iliyokuwa senti 58 sheria ilipotiwa saini ilifika senti 78 Julai 2025. Kwa hiyo jibu la nani analipa likapatikana kimyakimya: analipa yule ambaye bado anatuma barua. Mara nyingi huyo ni mzee, au mfanyabiashara mdogo.

Kuna watakaosema dawa ni kuuza. Haya, twendeni Uingereza. Sheria ya 2011 ikafungua mlango, pensheni zenye pengo zikahamishiwa serikalini (yaani kwa mlipakodi, msisahau), na Oktoba 2013 hisa za Royal Mail, posta ya huko, zikauzwa kwa peni 330 kila moja. Siku ya kwanza sokoni zikafunga kwenye 455. Mkaguzi wa taifa akaja mwaka uliofuata kusema serikali ingeweza kupata zaidi. Madeni kwa umma, faida kwa wanunuzi. Lakini sheria ileile ikabakiza wajibu wa kufika kila mlango siku sita kwa bei moja, sasa mabegani mwa kampuni yenye wanahisa. Mlitegemea nini? Stempu ya daraja la kwanza, ya barua ya kufika kesho yake, ilikuwa peni 60 wakati wa mauzo, ikafika pauni 1.70 mwaka 2025. Barua za daraja hilo zilizofika kwa wakati mwaka 2024/25 ni asilimia 77, na lengo lilikuwa 93. Mdhibiti wa posta akawapiga faini ya pauni milioni 21. Mdhibiti huyohuyo, Julai 2025, akawaruhusu wapunguze siku za kusambaza barua za daraja la pili. Adhabu mkono mmoja, pole mkono mwingine.

New Zealand walikuwa wakali zaidi: posta ikafanywa shirika la kibiashara mwaka 1987, na Februari 1988 zikafungwa ofisi 432. Angalau pale kila mtu aliona nani analipa. Ni kijiji kilichofungiwa ofisi.

Najua wengine mnajiandaa kuniandikia kwamba barua zimekufa, dunia ni ya simu, niache kulialia. Basi niwaambie, nchi ninayoiheshimu kwenye hili ni Denmark, ingawa walichofanya kinaniuma. Barua zao zilishuka kutoka bilioni 1.4 mwaka 2000 hadi milioni 110 mwaka 2024. Hawakuzunguka mbuyu. Sheria iliyoanza kazi Januari 2024 ikauondoa wajibu wa huduma kwa wote, ule wa kufika kila mlango, na PostNord, posta yao, ikasambaza barua zake za mwisho Desemba 2025, visanduku vyake vyekundu 1,500 vikang'olewa. Huo ni uamuzi. Unaweza kuupinga kwa sababu unajua unapinga nini. Mwananchi wa Denmark hakudanganywa kwamba atapata kila kitu bure.

Sitaki nchi zingine zifanye hivyo. Kwenye nchi ambayo mtandao haujafika kila nyumba, kuiua barua ni kumkata mtu na mahakama, na mirathi, na cheti chake cha shule. Hata Ujerumani wameona afadhali kulegeza kuliko kufuta: sheria yao ya 2024 imeongeza muda, asilimia 95 ya barua zifike ndani ya siku tatu za kazi, badala ya kulazimisha nyingi zifike kesho yake. Ni kitu kidogo, kinapunguza safari za usiku, na kimeandikwa waziwazi. Kumbe inawezekana.

Kinachonichosha ni hii tabia ya kubadilisha jina la shirika, nembo, rangi ya magari na wajumbe wa bodi, kisha kuliita jambo hilo sheria ya mageuzi. Wajumbe wapya wanateuliwa na mkono uleule uliowateua wa zamani, na bei bado inapangwa kwa kuangalia uchaguzi uko lini. Anayefukuzwa mwisho wa siku ni karani wa kaunta na yule msambazaji wa kishubaka cha mwisho.

Njia za kulipa zinajulikana, si siri ya mizimu. Ruzuku ya moja kwa moja kwa njia zenye hasara, ipitishwe kwenye bajeti na ikaguliwe. Au mfuko unaochangiwa na kampuni zote za vifurushi, maana nyingine zinachagua mitaa minono na kuiachia posta iliyobaki. Au bei ipande na sheria ikiri hivyo. Au siku zipungue. Chagueni mnayotaka, lakini iandikwe na kiasi chake.

Kwa hiyo kabla hujaja hapa kunitetea muswada wowote, ufungue. Ruka utangulizi, ruka nembo na bodi, nenda kwenye sehemu ya fedha. Ukikuta kifungu kinachotaja gharama ya kufika kila anwani na anayeilipa, kibandike hapa na namba yake. Usipokikuta, usinijibu kwa hotuba.