Rova ikimbie au isimame? Tulinganishe Opportunity, Curiosity na Perseverance

MpimaAnga
Wadau, rova, yaani gari la roboti la kuchunguza sayari, ina umeme wa kugawa kila siku: isonge mbele, au ichunguze jiwe lililo mbele yake? Opportunity ilitua Mirihi mwaka 2004 kwa mpango wa siku 90, ikadumu hadi 2018 na kutembea kilomita 45. Curiosity ilitua 2012 ikiwa na kazi ya kupanda Mlima Sharp, lakini ikaanza kwa kuupa mlima mgongo, ikaenda Yellowknife Bay, hata nusu kilomita haifiki kutoka ilipotua. Perseverance ilikaa sana kwenye sakafu ya kasoko ya Jezero, kisha mwaka 2022 ikakata kama kilomita 5 kwa mwezi mmoja hivi kuiwahi delta, mashapo yaliyoachwa na mto wa kale. Kwangu mimi, mbio zinasifiwa kupita kiasi.

Nyayo
Napinga, mkuu. Opportunity iliondoka kasoko ya Victoria 2008, ikafika kasoko ya Endeavour 2011. Miaka mitatu, sehemu kubwa ni mchanga tambarare tu. Lakini pale ukingoni ilikuta mshipa wa jasi, upana wa kidole gumba, uliojengwa na maji yaliyopita kwenye nyufa za mwamba. Baadaye ikapata na udongo wa mfinyanzi wa zamani zaidi. Mawe ya mwanzo yote yalisimulia maji makali yenye asidi. Haya yalisimulia maji ya upole. Ingeganda Victoria, tungeijua nusu tu ya habari.

MpimaAnga
Sawa, ila tazama Yellowknife Bay. Februari 2013 Curiosity ilitoboa mwamba, tundu la sentimita 6 na kitu, unga ukatoka wa kijivu badala ya wekundu tuliouzoea. Ndani yake mfinyanzi, alama za ziwa ambalo vijidudu vingeweza kuishi. Swali kuu la safari likajibiwa kabla ya kuugusa mlima! Na hawakubahatisha: picha za kutoka juu zilionyesha aina tatu za ardhi zinakutana pale, na moja inahifadhi joto usiku kuliko jirani zake.

FundiGurudumu
Mnahesabu siku, hamhesabu chuma. Ngozi ya magurudumu ya Curiosity ni alumini isiyofika hata milimita moja. Mwaka 2013 mawe yenye ncha yaliitoboa matundu, ikabidi watafute mabonde yenye mchanga wa kukanyagika. Kwa hiyo njia huamuliwa pia na ardhi, wala si wanasayansi peke yao.

Halafu kutembea kwenyewe ni kuchunguza, mradi ugeuke nyuma. Gurudumu bovu la Spirit, rova pacha wa Opportunity, lililokuwa likiburutwa tu, ndilo lililofukua udongo mweupe wa silika mwaka 2007. Na mwaka 2024 Curiosity ilikanyaga jiwe likapasuka, ndani fuwele za manjano: salfa tupu. Hakuna aliyepanga kusimama pale.

Nyayo
Hapo umenena! Ongeza kwamba Perseverance huisoma njia huku magurudumu yanazunguka, kwa hiyo umbali umekuwa nafuu. Kutoboa ndiko hakujawa nafuu: jiwe moja hula siku kadhaa, na mirija ya sampuli ni 43 tu. Kanuni yangu: ramani ikionyesha ardhi ya aina moja, kimbia, tabaka mbili zikikutana, simama.

MpimaAnga
Kanuni hiyo naipokea, lakini ramani ya juu haioni madoa ya milimita. Jiwe la Cheyava Falls, ambalo Perseverance ililikuta Julai 2024, lilivutia kwa madoadoa kama ya chui, na hayo yanaonekana ukiwa karibu tu.

Zuhura_K
Msiusahau Mwezi. Lunokhod 2, rova ya Wasovieti, ilienda kilomita 39 mwaka 1973, lakini dereva aliyekuwa duniani alisubiri picha sekunde chache tu; akipenda jiwe, anageuza palepale. Mirihi amri pekee huchukua dakika kadhaa njiani, hivyo kazi ya siku nzima hutumwa kwa mkupuo mmoja. Picha zikifika, rova imeshalipita jiwe, na kurudi ni kupoteza siku nyingine. Mwezini ningewaambia wakimbie. Mirihi ningeweka kando siku moja ya ziada kwa kila mpaka wa tabaka, hata kama delta inaonekana kwa mbele.